Gitaa Lililogeuzwa Nyuzi

9 Machi

Na si kwamba sikumwambia. Nilimwambia mara mbili, mara ya kwanza akiwa anapiga mswaki na mara ya pili akiwa nusu usingizini, na mara zote mbili alisema "mm", na kwa mke wa miezi miwili "mm" ni ndiyo. Kwa hiyo leo, baada ya kufunga duka la fotokopi ninakofanya kazi, nimepita kwa yule muuzaji wa vyombo vya umeme vilivyotumika na nimelinunua. Gitaa la umeme. Jekundu, limechubuka ubavuni, lilikuwa linaning'inia kati ya feni na pasi kama vile na lenyewe limekuja kutengenezwa.

Nilimwuliza kama analo la mtu wa mashoto, maana mimi natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, kuandika, kukata, kupungia watu. Akasema tangu aanze biashara hajauza hata moja la namna hiyo. Kisha akalishika hili, akaligeuza juu chini, akaniambia, "Dada, hilo hapo la kushoto." Nikacheka, nikalipa. Bei ilikuwa ya kutupa, na mtu mwenye furaha hadaiwi akili.

Shuleni kulikuwa na wavulana wenye magitaa. Kila nilipoomba kushika waliniambia nimeshika vibaya, na mimi nikaamini miaka yote hiyo kwamba muziki una upande mmoja tu.

Mume wangu (bado naandika maneno haya mawili taratibu, nikiyafurahia) amerudi amelowa hadi soksi. Masika yameanza. Amelitazama gitaa, amenitazama mimi, na swali lake la kwanza lilikuwa waya unachomekwa wapi. Hivyo ndivyo ilivyo kuolewa na fundi umeme. Nampenda mpaka naona aibu mbele ya daftari.

10 Machi

Mvua. Vidole vinauma. Nimefurahi.

13 Machi

Tumegundua kwamba kuligeuza gitaa si kama kugeuza shuka. Ukiligeuza juu chini, uzi mnene unakuwa chini na mwembamba juu, na kila kitu kilichochorwa kwenye kijitabu cha mafunzo kinakuwa kinyume. Mume wangu akasema basi tuzitoe nyuzi zote sita tuzirudishe kwa kupishana. Tumefanya hivyo mezani, mimi nikishika taa, yeye akizungusha funguo za kukazia nyuzi, na nilifikiri hakuna wanandoa duniani waliopata kuwa na jioni tamu kama ile.

Kisha nikapiga. Uzi mnene ulikuwa umekaa juu kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mtoto, na ule mwembamba ulikuwa unacheza na kulia zzz. Kosa liko kwenye kile kipande kidogo cheupe mwisho wa shingo, chenye mifereji sita ambamo nyuzi zinapita. Mifereji imechongwa kwa unene wa kila uzi, na sisi tumebadilisha nyuzi bila kubadilisha mifereji. Mume wangu akajaribu kuking'oa kile kipande kwa bisibisi. Kikavunjika.

Aliomba msamaha mara nne. Nilimsamehe mara ya kwanza, hizo nyingine tatu nilikuwa nazifurahia tu.

16 Machi

Nani anaweza kuchonga kitu kidogo vile? Seremala mzuri. Na seremala mzuri tunaye kwenye ukoo, ndilo tatizo.

Baba mkwe wangu ana karakana yake ya useremala upande wa pili wa mji, nyuma ya nyumba yake. Ni mtu wa maneno machache sana. Mkono wake wa kushoto hauna vidole viwili, cha shahada na cha kati, msumeno uliviondoa zamani kabla mume wangu hajazaliwa, na mkono huo hukaa mfukoni muda wote asipokuwa kazini. Siku ya harusi alinipa mkono wa kulia, akasema "karibu", basi. Kitanda chetu alikitengeneza yeye, kitanda kizuri kupita vyote nilivyowahi kuona, ubao wa kichwani umenyooka kama ukurasa, lakini alikituma kwa mkokoteni na yeye hakuja. Mpaka leo hajakanyaga kwetu, na sisi kwenda kwake ni kuketi, kunywa chai na kuondoka. Nadhani hanipendi. Sijaandika hivyo mahali popote kabla ya leo. Ningetoa chochote nimwone siku moja anakaa nami kwa hiari yake.

Mume wangu hataki kumwambia baba yake kwamba tumenunua gitaa. Nyumbani kwao hakukuwahi kuwa na hata redio, anasema mzee hapendi kelele. Kwa hiyo atapeleka vile vipande vilivyovunjika na kusema ni kifaa cha mtambo wa mteja, kichongwe kingine, mifereji minene ihamie upande wa myembamba. Ni uongo mdogo. Nimemwambia uongo mdogo nao hukua, akanibusu paji la uso, nikasahau nilichokuwa nasema.

20 Machi

Mvua usiku na mchana. Karatasi dukani zimenyonya unyevu, mashine inazimeza mbilimbili. Mteja mmoja ametoa nakala ya cheti chake cha ndoa, nikamwambia hongera, akasema anakwenda nacho mahakamani.

24 Machi

Kimekuja! Kipande kimerudi, kimefungwa kwenye karatasi ya msasa. Si cha plastiki kama kile cha mwanzo, ni cha mfupa, kimesuguliwa hadi kinang'aa kama jino. Mifereji sita, kila mmoja na upana wake, na kila mmoja umeinamishwa kidogo kuelekea upande wa funguo. Ndani ya mifereji kulikuwa na vumbi la kijivu. Nikakisafisha kwa kitambaa na maji ya sabuni, tukakigundisha, tukarudisha nyuzi, mume wangu akachomeka waya kwenye spika yetu ndogo.

Nimepiga uzi mnene ukajibu kwa sauti ya kina, safi, mpaka kijiko kikatetemeka kwenye kikombe. Mume wangu ameacha kula akanitazama. Nataka kukumbuka jinsi alivyonitazama hata nikifika miaka tisini.

Kuna jambo moja. Mume wangu anasema mzee alipompa kipande aliongeza maneno: "Mwambie mwenye mtambo asiukaze uzi wa tatu kwa haraka. Hukatika huo."

Uzi gani? Hakuna aliyemwambia kuna nyuzi.

25 Machi

Nyuzi zinakwama. Nikizungusha funguo haziendi, kisha zinaruka ghafla kwa mlio mkali. Jana zilikuwa sawa, naapa. Na mkono wangu wa kushoto kila ukishuka unagusa kitufe cha sauti na kukizima, kwa sababu vitufe vyote sasa viko juu. Gitaa hili linanifanyia ubishi kama wifi yangu mdogo.

27 Machi

Nimepita kwa yule muuzaji kumlalamikia. Akaniuliza kama nimeweka risasi ya penseli. Nikadhani ananitania, maana ana uso wa kutania. Kumbe kweli: wapigaji wa siku nyingi husaga ncha ya penseli na kuutia unga wake ndani ya ile mifereji ili uzi uteleze. Akaniambia kijitabu cha mafunzo hakitakufundisha hilo, hilo mtu anafundishwa na mtu.

Nimesimama pale na mwavuli wangu mkononi, watu wananipita na kunisukuma. Unga wa kijivu. Nilioufuta kwa maji ya sabuni.

Sasa niulize: seremala ambaye hapendi hata redio amejuaje? Kila seremala ana penseli sikioni, sawa. Lakini nani alimwambia pa kuitia?

Nimesaga penseli, nimeitia. Nyuzi zinateleza kama samli.

30 Machi

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nisipouliza naumwa. Nimekwenda kwa wifi yangu mkubwa, dada wa kwanza wa mume wangu, ambaye ana saluni na anajua kila kitu cha kila mtu. Nikamwacha anisuke nusu kichwa kwanza, maana mtu akishakuanza hawezi kukufukuza.

Alichomeka chanuo kwenye nusu iliyobaki. Kisha akanieleza, na naandika hapa kama alivyonieleza. Baba yao alikuwa mpiga gitaa. Mchana alipasua mbao, mwisho wa juma alipiga na bendi, na watu walikuwa wakivuka mji mzima kuja kusikiliza vile vidole vyake vya kushoto vinavyopanda na kushuka shingo ya gitaa. Wifi alikuwa na miaka saba msumeno ulipovichukua. Aliporudi kutoka hospitali aliliuza gitaa, akairudisha redio kwa aliyemwuzia, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo tena. Mume wangu alizaliwa mwaka uliofuata, katika nyumba iliyokuwa imekwisha nyamaza.

Wifi akasema, "Sisi tulidhani amesahau. Wewe na hicho kifaa chenu cha mtambo mmemchokoza nyoka au mmemwamsha mgonjwa, sijui. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wifi yangu. Nenda polepole."

Kisha akamalizia kunisuka, nusu ya pili amenikaza kuliko ya kwanza.

31 Machi

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anamenya nyaya kwa meno, tabia ambayo nimemkataza. Ameuweka waya chini. Akasema kumbe miaka yote yeye alipokuwa akipiga mluzi na baba yake anatoka nje, mzee hakuwa anaukimbia mluzi. Nimemshika kichwa nikakiweka begani kwangu.

4 Aprili

Umeme umekatika siku ya tatu. Gitaa la umeme bila umeme lina sauti ya mdudu kwenye kiberiti. Lakini nimevumbua jambo. Nikiketi kitandani na kukigusisha kichwa cha gitaa kwenye ubao wa kichwani, ubao unaimba. Ubao mzima unatoa sauti, nene na tamu, na ukiuwekea sikio unaisikia hadi kwenye taya. Tumejibana upande wa kichwani, masikio kwenye ubao, mimi nikipiga mikao mitatu ya vidole ninayoijua. Mume wangu anasema haiwezekani fundi akachagua mbao ile kwa bahati tu. Hatujui. Ila kesho ni Jumapili na nimepata wazo zuri sana.

5 Aprili

Ningekuwa na mtu wa kunipiga kofi la mdomo jana ningemshukuru leo.

Wazo lilikuwa hili. Vidole alivyopoteza Baba ni vya mkono wa kushoto, mkono ambao kwa watu wengi hubonyeza shingo. Lakini gitaa langu limegeuzwa. Kwenye gitaa langu mkono wa kulia ndio unaobonyeza, na wa kushoto unakwangua nyuzi tu, na kwa kukwangua dole gumba na kidole cha pete vinatosha. Mkono wake wa kulia ni mzima. Kwa hiyo gitaa bovu la bei ya kutupa, lililogeuzwa kwa ajili yangu, ndilo gitaa pekee mjini analoweza kupiga. Nilipoliwaza hilo niliketi kitandani wima. Niliona kama nimepewa ufunguo.

Tumekwenda na gitaa limefungwa kwenye koti la mvua la mume wangu, yeye akilowa. Baba alikuwa karakanani, mlango wazi, mvua inamwagika toka kwenye bati kama pazia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, macho yakaenda moja kwa moja kwenye lile koti. Umbo la gitaa halifichiki.

Ningepaswa kuketi. Ningepaswa kunywa chai na kungoja. Badala yake kiherehere changu kikanishika, nikafungua koti na kumweleza yote kwa pumzi moja: penseli, wifi, bendi, vidole, kulia na kushoto, na jinsi ambavyo angeweza kuanza leo hii hapa hapa. Niliutaja mkono wake, daftari langu. Mkono ambao watoto wake wenyewe hawajautaja zaidi ya miaka ishirini, mimi niliutaja mbele ya mwanawe, nikiuonyesha kwa kidole.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliweka randa chini, akaufuta ubao kwa kiganja, kisha akasema kwa upole, "Mkwe wangu, mimi nilikuwa napiga. Sikuwa najifunza. Mtu aliyekuwa anakimbia humwambii atambae mbele za watu."

Kisha akauingiza mkono mfukoni, akaingia ndani ya nyumba. Tulisubiri mpaka chai ikaletwa na jirani yake anayempikia, vikombe viwili tu.

Njiani mume wangu alinishika mkono, hakunilaumu. Nililia chini ya mwavuli, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna aliyejua ila yeye.

6 Aprili

Sikuligusa.

9 Aprili

Sikuligusa.

14 Aprili

Nimekuwa nikifikiri kwamba Baba hanipendi. Nikimtazama sasa kwa kumbukumbu, naona kitu kingine. Naona mtu aliyesimama harusini kwetu karibu na spika kubwa za muziki tangu mchana mpaka jioni, mkono mfukoni, hakuondoka. Nilidhani amenuna. Huenda alikuwa mtu pekee ukumbini aliyekuwa akisikiliza.

Hata kitanda. Mtu hamtengenezei mkwe asiyempenda kitanda cha namna ile.

15 Aprili

Nimeligusa. Vidole vimeota sugu, ngumu kama punje za mahindi. Mume wangu anazihesabu kila jioni na kuzibusu. Tuna wazimu kidogo.

22 Aprili

Mume wangu amepita kwa baba yake kumrekebishia swichi. Mzee alimshikia taa mpaka kazi ilipokwisha, ndipo akauliza kama ule mfereji wa uzi mnene hauubani uzi. Mume wangu akasema hajui, aniulize mimi. Mzee akasema, "Ndiyo. Muulize."

Nimeandika jibu kwenye karatasi, nikalichana, nikaandika tena. Mwishoni nimeandika hivi tu: "Shikamoo Baba. Unabana kidogo mvua ikinyesha. Nisamehe."

Sikuongeza hata neno moja. Mume wangu aliisoma, akaniuliza kama naumwa.

26 Aprili

Jibu, nyuma ya kipande cha mbao nyembamba, kwa penseli: "Mifupa huvimba kwa unyevu. Lilete nilikwangue."

Lilete. Amesema lilete.

3 Mei

Mvua haijaacha, tumengoja. Barabara ya kwao imekatwa na maji. Nimejifunza mkao wa vidole wa nne, na nimejifunza kunyamaza dukani, mteja akileta karatasi nampa nakala yake na kumtakia siku njema. Bosi anauliza kama nina mimba.

10 Mei

Leo jua limetoka kwa saa nzima kisha mvua ikarudi, nyepesi. Tumekwenda.

Niliweka nadhiri njiani: sitasema lolote nisiloulizwa. Mume wangu alicheka mpaka akasimama.

Baba alilipokea gitaa kwa mkono wa kulia, akalilaza kwenye benchi lake juu ya blanketi, akalegeza nyuzi moja moja. Mkono wa kushoto ulitoka mfukoni. Nilikuwa sijawahi kuuona ukifanya kazi kwa karibu. Dole gumba na kidole cha pete vilishika kijifaili chembamba kama sindano, vikakwangua mfereji mara tatu, mara nne, akapuliza. Kisha akatoa penseli sikioni, akasaga ncha, akatia unga. Akanitazama upande. Nadhani alijua niliwahi kuuosha.

Alipomaliza kukaza nyuzi alizisikiliza zote sita, sikio limelala kwenye mbao, maana hatukuja na spika. Halafu akamwagiza mume wangu akatazame taa ya ukumbini, eti inawaka na kuzimika. Taa ile ilikuwa haina kasoro. Mume wangu alikwenda.

Tukabaki wawili. Baba akakisogeza kiti kikaelekea ukutani, akaketi akinipa mgongo, na akaliweka gitaa pajani, upande ule ule ninaoushika mimi.

Mimi nikageuka nikatazama mlangoni. Nje kulikuwa na dimbwi, na matone yakilitoboa, na mbao tatu zimeegemezwa ukutani zikinyeshewa. Nilizitazama mbao zile kama vile nimeajiriwa kuzilinda. Nyuma yangu kulikuwa na mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo mwingine, mbaya, kama wangu wa wiki ya kwanza. Kila neno nililokuwa nalo lilinijaa mdomoni, nikalimeza.

Kisha akasema, bado anatazama ukuta, "Huu mkono wa kulia ni mjinga kabisa. Miaka yote hii nimekula nao."

"Wangu pia ulikuwa mjinga, Baba."

"Ule mkao wa kwanza. Kidole cha pili unakiweka wapi?"

Nikamwambia uzi wa tano, kwenye chuma cha pili cha shingo, na kidole cha tatu kwenye uzi wa chini yake, bila kugeuka. Mkwaruzo. Nikamwambia akisogeze kidole karibu zaidi na chuma, kitauma lakini kitalia. Kikalia. Sauti moja nzima, ndogo, isiyo na umeme, nyuzi zote zikiitika.

Akaipiga tena, na tena. Mara ya nne akapunguza, akaanza kuipiga kwa mwendo, na mwendo ule haukuwa wa mtu anayejifunza. Sauti ilikuwa moja tu, mbovu pembeni, lakini mdundo ulikuwa wa watu kuvuka mji. Nimetambua kwamba sitaujua mdundo ule kwa kijitabu hata nikisoma miaka kumi. Mume wangu alikuwa amesimama uani kwenye mvua na bisibisi mkononi, hasogei.

Baba akasimamisha nyuzi kwa kiganja. Akasema mimi nina haraka na vidole vyangu havijui kungoja, alivisikia vikigongagonga benchi nilipokuwa namsubiri akaze nyuzi. Akasema yeye ana masikio na hana vidole, mimi nina vidole na sina masikio. Kisha akalifunika gitaa kwa blanketi lake, si kwa koti letu, akaliweka juu ya rafu ambako maji hayafiki.

Mume wangu akafungua mdomo kusema kitu kuhusu gitaa kuwa langu. Nikamkanyaga mguu.

Kwa hiyo naandika haya bila gitaa nyumbani. Vidole vinawasha, vinatafuta nyuzi kwenye ukingo wa meza. Sijapata kukosa kitu kwa furaha namna hii.

Alitusindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajapata kulifanya, kichwa wazi mvuani. Mkono wa kushoto ulikuwa nje ya mfuko, umeshika kitasa cha lango.

"Mtakuja lini?" akauliza. Aliniuliza mimi.

Nilikuwa na majibu arobaini. Nikampa moja.

"Kabla mwezi haujaisha, Baba. Tutakuja."